Ujumbe Ukishatumwa Kundini: Aliyeandika Aufute au Ubaki?

Kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Moshi hukutana Jumamosi moja kwa mwezi, na siku nyingine zote huishi ndani ya simu. Katika kikao kilichopita tulikwama kwenye ajenda ambayo mwenyekiti aliiweka mwisho akidhani itachukua dakika tano: je, mwanachama aliyeandika jambo katika kundi letu la WhatsApp aachwe alifute atakapo, au likishatumwa lihesabike kuwa la kikundi kizima? Chai ilipoa, wenye watoto wadogo wakaanza kutazama saa, na hatukuafikiana. Mimi, kwa kuwa ndiye katibu, nilipewa kazi ya kuandika njia zilizopo na kuzipima kwa vipimo vya aina moja ili kikao kijacho kiamue. Nayaweka hapa niliyoyaandika kwa sababu najua swali hilo hilo linawasumbua wenzetu wa vikoba vingine, wa kamati za harusi, wa kamati za wazazi na wa makundi ya wapagazi wa mlimani, hapa kwetu na kule Arusha.

Simu yenyewe inaruhusu nini

Kabla ya kanuni kuna mipaka ya chombo. WhatsApp iliporuhusu mtu kufuta ujumbe kwa wote, mwaka 2017, ilimpa dakika 7 tu. Mwaka uliofuata muda huo uliongezwa ukafika saa moja na dakika chache, na Agosti 2022 ukawa siku mbili na zaidi kidogo. Katika mwaka huo huo wa 2022 admini naye aliwezeshwa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na tangu Mei 2023 mwandishi anaweza kuhariri alichokituma ndani ya dakika 15, nacho hubaki na alama kwamba kimehaririwa. Telegram ni huru zaidi: tangu 2019, katika mazungumzo ya watu wawili, yeyote kati yao anaweza kufuta ujumbe wowote, hata ule wa mwenzake, kwenye simu zote mbili na bila kikomo cha muda.

Kutokana na hayo, mambo mawili yaeleweke mapema. Admini wa WhatsApp hana mahali pa kubonyeza ili kumzuia mwanachama asifute ujumbe wake, kwa hiyo kanuni yoyote tutakayoiweka italindwa na watu na faini. Aidha, kilichofutwa hakijatoweka kwa wote: aliyekwisha kusoma amesoma, aliyepiga skrinishoti anayo, na picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu ya mwenzio inaweza kubaki humo hata baada ya wewe kuifuta kundini.

Vipimo nilivyovitumia

Kila njia nimeiuliza maswali manne. Nani anaumia ujumbe ukibaki? Nani anaumia ujumbe ukiondoka? Mtu atakayeyapitia mazungumzo baada ya miezi sita, labda mkaguzi wa hesabu au mwanachama mpya, ataweza kuyaamini? Na kazi ya kusimamia kanuni hiyo itambebesha nani mzigo? Sheria nimeitenga sehemu yake, kwa kuwa inagusa njia zote nne.

Njia ya kwanza: kila mtu afute chake wakati wowote simu inapomruhusu

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito kuliko nilivyodhani mwanzoni. Mama mmoja wa kikundi chetu alituma uthibitisho wa hisa zake za shilingi 20,000 kama kawaida, akasahau kwamba chini ya ujumbe ule kampuni ya simu huandika salio lililobaki. Kundi zima likaona kwamba ana shilingi milioni moja na ushee, fedha alizokuwa akizikusanya kwa ajili ya mabati. Kabla ya jua kuzama watu wawili walikuwa wamempigia simu, mmoja akiwa na mgonjwa, mwingine akiwa na ada. Hakujua kwamba angeweza kufuta, na alipoelekezwa na mwanawe, wengi tulikwisha kuona. Kwa mtu kama huyo, kumwambia aombe kibali kwanza ni kumwacha nje kwenye mvua wakati mwenye ufunguo anatafutwa. Hali ni hiyo hiyo kwa picha ya cheti cha hospitali, namba ya siri iliyobandikwa kwa bahati mbaya, au neno la hasira lililoandikwa usiku.

Upande wa pili nao tuliuona kwetu. Mwanachama mwingine aliandika Jumatano saa tatu usiku kwamba mkopo wake wa shilingi 300,000 ataurejesha Ijumaa, wote. Mweka hazina, kwa kutegemea ahadi hiyo, akamhakikishia mwenzetu mwingine kwamba Ijumaa jioni atapata fedha za ada. Ijumaa asubuhi ujumbe ule haukuwepo. Chini ya mstari wa kijivu unaosema umefutwa vilining'inia vijibu vya watu: "Sawa kaka", "Mungu akutangulie", na kidole gumba kimoja. Mweka hazina alipompigia simu, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Kaka, si uliandika Jumatano kwamba unaleta leo?"

"Niliandika wapi, dada? Nionyeshe."

Hapo aliyeumia hakuwa yule aliyefuta wala kikundi kwa ujumla wake, bali mzazi aliyeingia mwishoni mwa wiki akiwa mikono mitupu. Kwa hiyo, kwa kipimo cha kumlinda mwandishi njia hii inashika nafasi ya juu, na kwa kipimo cha kumbukumbu inashika ya chini, maana msomaji wa baadaye atakuta majibu yasiyo na maswali. Usimamizi wake hauna gharama yoyote, na hilo ndilo linaloifanya itumike karibu kila mahali bila ya mtu kuichagua.

Inawafaa watu wasiofanya mambo ya fedha wala maamuzi kwa maandishi: ndugu wa familia moja, majirani wa mtaa, watu waliosoma pamoja. Kamati ya harusi nisingeiweka humo, ingawa inaonekana ni kundi la vicheko, kwa sababu imejaa ahadi za michango, na kila anayeahidi laki moja kuna mpishi au mwenye turubai anayehesabiwa ahadi hiyo.

Njia ya pili: kufuta kuruhusiwe kwa muda mfupi tu

Hapa kikundi kinakubaliana kwamba mtu anaweza kufuta ndani ya muda fulani, tuseme dakika 15 zile zile ambazo WhatsApp humpa mtu kuhariri, na baada ya hapo asiguse. Makosa mengi ya vidole huonekana mara moja: picha iliyotumwa kundi lisilo lake, jina lililokosewa, sifuri iliyozidi. Dakika 15 zinatosha kwa hayo, wala hazimpi mtu nafasi ya kubadili mawazo juu ya deni.

Tulipoijadili, mzee mmoja alipendekeza kipimo ambacho mimi binafsi nakiona bora kuliko saa: ujumbe ni wako mpaka mwenzio atakapoujibu au kuufanyia kazi. Ukiandika, na mtu akapanda daladala kutoka Kiboriloni kwa sababu ya ulichoandika, huo si wako peke yako tena. Ugumu ni kwamba kujibu kunaonekana kwenye kioo na kufanyia kazi hakuonekani. Mweka hazina wetu hakumjibu yule ndugu chochote siku ile ya Jumatano, alifungua daftari lake tu akapanga hesabu.

Udhaifu mwingine wa njia hii unaonekana vizuri katika makundi ya wapagazi na waongoza wageni. Mtu aliyepanda na wageni kwa njia ya Lemosho anaweza kukaa mlimani siku saba au nane, mtandao ukipatikana hapa na kukosekana pale. Anaposhuka na simu yake ikapata nguvu, ujumbe uliotumwa na kufutwa akiwa juu anaukuta mstari wa kijivu tu, na hana namna ya kujua kama lilikuwa tangazo la kazi lililobatilishwa au picha ya chakula. Kwake yeye dakika 15 na siku mbili ni kitu kimoja. Na kwa upande wa anayetuma, aliyeonyesha salio akiwa bandani na ng'ombe huenda asigundue kosa lake mpaka jioni, muda ukiwa umekwisha.

Kumbukumbu, chini ya njia hii, inaaminika kwa kiasi cha kutosha kwa mambo ya kawaida. Usimamizi nao si mzito, ila lazima awepo wa kutazama saa na wa kudai faini, na faini ya shilingi elfu mbili inaweza kuzaa kinyongo cha miaka. Inalifaa kundi ambalo watu wake wako mjini, simu zao ziko mkononi, na mambo yao ni mchanganyiko wa kazi na mazungumzo, kama kamati za wazazi.

Njia ya tatu: hakuna kufuta, kuna kusahihisha

Mji huu umelelewa na madaftari ya ushirika tangu enzi za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933, na yeyote aliyewahi kushika daftari la fedha anajua kanuni yake. Namba iliyokosewa haifutwi kwa kifutio wala haipakwi dawa nyeupe. Inakatwa kwa mstari mmoja mwembamba ili iendelee kusomeka, namba sahihi inaandikwa juu yake, na aliyekata anaweka saini yake pembeni. Mkaguzi akifika anaona kosa, anaona sahihisho, na anaona nani wa kuulizwa. Ukurasa uliopakwa dawa nyeupe humfanya ashuku hata kurasa safi.

Bungeni nako, mbunge aliyevuka mpaka huambiwa na Spika afute kauli. Husimama, husema anaifuta, na mjadala huendelea. Neno ni "kufuta", lakini tendo lenyewe ni kuongeza: kauli ya pili inawekwa juu ya ile ya kwanza mbele ya watu wale wale walioisikia. Kwa kundi la simu, maana yake ni kwamba mtu anayetaka kurudi nyuma anaandika ujumbe mpya: "Nilichoandika jana kuhusu marejesho nakibadilisha, nitaleta nusu." Aibu ipo, lakini mweka hazina anajua la kupanga.

Kwa kipimo cha kumbukumbu, na kwa kipimo cha haki ya waliotegemea neno la mwenzao, sijaona njia inayoishinda hii. Inaanguka pale penye salio la yule mama. Kumwambia asahihishe haina maana yoyote kwa sababu hakukosea kusema, alifichua. Nacho cheti cha hospitali hakisahihishiki.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Mtu akijua kwamba kila neno lake litabaki, hupunguza maneno. Nimeshuhudia kundi lililoweka kanuni hii kwa ukali likigeuka ubao wa matangazo, huku mambo yote ya maana yakihamia kwenye simu za watu wawili wawili, ambako katibu haoni kitu. Na kwa kuwa simu haimzuii mtu kufuta, admini atajikuta kila siku anamwuliza mtu mzima kwa nini amefuta, kazi ambayo sidhani mshahara wake upo.

Inavifaa vikundi au shughuli ambazo neno ni fedha: marejesho, ahadi za michango, zabuni ya viti na turubai, maamuzi ya kamati. Isichukuliwe na kundi ambalo watu wanaelezana magonjwa na misiba yao.

Njia ya nne: afute admini kwa ombi, na tendo liandikwe

Katika njia hii mwanachama hafuti mwenyewe, bali anaomba, na admini anafuta kwa kutumia uwezo aliopewa tangu 2022. Katibu anaandika daftarini tarehe, jina la aliyeomba na aina ya sababu, kwa mfano "taarifa binafsi" au "ametuma kundi lisilo lake", bila kuandika yaliyokuwemo. Siri inaondoka kundini, na habari kwamba kulikuwa na kitu inabaki.

Wakazi wa Arusha wameishi jirani na mfano mkubwa wa wazo hili. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake mjini humo hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, ilisikiliza mashahidi wengi waliotajwa kwa herufi badala ya majina, na katika kumbukumbu zinazotolewa kwa umma sehemu zinazoweza kuwatambulisha zimefichwa. Ushahidi wao haukufutwa, na kumbukumbu za mahakama hiyo zinatunzwa huko huko Arusha. Sisi wa kikoba hatuna nyaraka za uzito huo, lakini swali ni lile lile: namna ya kumlinda mtu bila kuitoboa kumbukumbu.

Kasoro zake ni za kibinadamu. Admini hulala, husafiri, huishiwa bando. Yule mama wa mabati angemsubiri mpaka lini? Zaidi ya hapo, admini naye hukopa, na siku atakapotaka kufuta la kwake atamwomba nani? Nafikiri njia hii haifai kabisa bila ya maadmini wawili wasio wa nyumba moja, na kifungu kinachosema hakuna anayefuta la kwake mwenyewe. Nakiri pia kwamba mimi ni katibu, njia hii inaniongezea madaraka, kwa hiyo sifa ninazoipa zipunguzwe kidogo.

Inakifaa kikundi chenye uongozi unaoaminika na wanachama wasiozidi hamsini hivi. Kundi la mamia ya watu litamchosha admini kwa wiki moja.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu njia ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Wenzetu wa Ulaya wana kanuni yao iliyoanza kutumika Mei 2018, na kifungu chake cha 17 kinampa mtu haki ya kufutiwa taarifa zake, lakini kifungu hicho hicho kinaweka nje mambo kama uhuru wa kujieleza na madai ya kisheria. Kwa hiyo hata pale ambapo haki ya kufuta ina nguvu, haikuachwa bila ukomo.

Kwa upande wa pili, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kutolewa kama ushahidi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo inamgeukia anayeharibu data kwa makusudi ili kuzuia au kuchelewesha uchunguzi. Kikoba nacho si baraza la kahawa tu mbele ya sheria, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne la watoa huduma hizo. Ugomvi ukishafika polisi au mahakamani, mjadala wa njia nne unasimama, na mtu yeyote asifute chochote.

Uchague kwa hali uliyonayo

Ikiwa kundi lenu ni la salamu, misiba na picha za watoto, njia ya kwanza inatosha, na kuandika kanuni ni kujitafutia ugomvi. Jambo moja tu la kufanya ni kuwafundisha wazee namna ya kufuta kwa wote, maana wengi wanabonyeza kufuta kwenye simu zao wenyewe na kuamini kwamba limetoka kote.

Ikiwa mnachanganya mazungumzo na kazi, na watu wenu wana mtandao muda mwingi, anzeni na ya pili, mkiongeza kipimo cha yule mzee: kilichojibiwa hakifutwi. Kama sehemu ya watu wenu hupotea mtandaoni kwa siku kadhaa, kama wale wa mlimani, ongezeni sharti kwamba anayefuta tangazo la kazi aandike papo hapo lilikuwa linahusu nini na kwa nini limeondolewa.

Ikiwa kundi linashika fedha za watu, ya tatu iwe msingi kwa kila ujumbe wenye kiasi, tarehe au ahadi, na ya nne iwe mlango wa dharura kwa taarifa za mtu binafsi. Kwa zile za mtu binafsi ningeruhusu mwenyewe afute kwanza na kuarifu baadaye, kwa sababu salio halisubiri admini aamke. Hata hivyo ahadi isitegemee simu peke yake: mweka hazina aiandike daftarini siku ile ile, na siku ya kikao isomwe kwa sauti, aliyeahidi akiwepo.

Ikiwa hamwezi kuafikiana, kama sisi, tengenezeni makundi mawili. Katika la kwanza, mpangilio uwekwe ili maadmini pekee waweze kutuma, na humo yaingie marejesho, ahadi zilizothibitishwa na tarehe za vikao, bila kufutwa kamwe. La pili liwe la maongezi, kila mtu na chake. Gharama yake ni kwamba wapo watakaoahidi fedha katika kundi la maongezi, na itabidi mtu awe na uvumilivu wa kuwaandikia kila mara: "Ndugu, hiyo ilete kule kwingine."

Nawaza pia juu ya mwanachama anayejitoa. Akiondoka kundini anabaki na nakala ya yote aliyoyasoma, na ya kwake yanabaki kwetu. Katika rasimu ninayoipeleka Jumamosi nimependekeza kwamba yanayohusu deni yakae mpaka hesabu zake zifungwe na pande zote mbili zitie saini, kisha akiomba picha zake na za watoto wake ziondolewe, maadmini waziondoe siku hiyo hiyo. Iwapo WhatsApp haitawaruhusu kwa kuwa muda umepita, tutamwambia hivyo waziwazi, na kila mmoja wetu ataombwa azifute kwenye simu yake.